Nyuma ya Ukuta

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii yatuhimiza kuziba, lakini haitwambii namna ya kuziba, wala haisemi neno juu ya yale yatakayobaki nyuma ya ukuta baada ya lipu kukauka. Basi swali langu ni hili: je, kazi isiyoonekana yadai uaminifu sawa na ile ionekanayo?

Swali hili lilinijia katika nyumba ya mwalimu niliyokaa hapa Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mwezi wa Julai baridi yetu huwa kali, kwa hiyo wajenzi wa zamani waliiwekea sebule meko ya mawe na dohani ya kutolea moshi. Baadaye kuni ziliachwa. Mkazi mmoja akatia mekoni chombo cha gesi cha kupashia joto, akatoboa ukuta na kupitisha bomba hadi kwenye mtungi uliokuwa nje. Miaka ikapita, chombo kikachakaa. Mwali wake, uliopasa kuwa wa samawati, ukageuka manjano. Hiyo ni dalili kwamba gesi haiungui sawasawa, na moto wa namna hiyo huweza kutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Nikaamua kukiondoa chombo kile na kuliziba tundu.

Nilimwita mwashi mmoja, mzee hodari wa kazi. Tulifunga mtungi, tukauondoa, kisha tukakitoa chombo. Lakini bomba lilikuwa limeshikamana na mawe, na kulichomoa kulihitaji kubomoa sehemu ya ukuta na kulipa ujira wa siku nyingine. Mzee akaniambia, "Mwalimu, na tulikate hapa tujenge. Lipu ikikauka, nani ataona?"

Nakiri kwamba neno lake lilinipendeza. Fedha zangu zilikuwa chache, nami nilijua kwamba sitakaa sana katika nyumba ile. Lakini nilipotoka nje niliiona ncha ya bomba imechomoza ukutani. Nikawaza: siku moja mgeni ataiona ncha hii, adhani yaelekea kwenye jiko, aunge mtungi mpya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ingetua kimya ndani ya uwazi tulioufunika. Hata ile harufu inayotiwa ili kutuonya ingechelewa kumfikia, kwa kuwa ukuta ungeizuia.

Woga huo haukuwa wa bure. Katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi isiyo na harufu ilivuja na kujaa chini ya sakafu ya shule, mahali ambapo macho ya watu hayakufika. Tarehe 18 Machi 1937 ililipuka, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo sheria iliagiza gesi itiwe harufu.

Mtu aweza kusema kwamba maskini hawezi kudaiwa gharama ya kumlinda mtu asiyemjua. Hoja hii ina uzito. Lakini tundu lililo wazi lamwonya kila aingiaye; ukuta laini wamwambia, "Lala salama, hapana la kuogopa." Asiyeweza kulipa gharama ya kuziba kwa kweli, heri aliache tundu wazi kuliko kulifunika kwa uongo. Tena mtu awezaye kuikagua kazi yetu aweza kujikinga. Asiyeweza kuikagua ametukabidhi uhai wake. Kwa hiyo kazi iliyofichika yadai uaminifu zaidi, wala si sawa tu.

Nilimweleza mzee mawazo yangu. Hakujibu, alichukua tindo akaanza kubomoa. Tulilitoa bomba lote. Tulifagia masizi, tukafunika kilele cha dohani mvua isiingie, tukaacha nafasi ubavuni na tundu dogo chini ya ukuta ili hewa ipite na unyevu usiozeshe lipu. Mwishowe niliandika katika daftari la nyumba yote tuliyofanya.

Ninyi wanafunzi nanyi ni waashi. Anayenakili hesabu za jirani yake hupata alama nzuri, na alama hizo ni lipu. Kesho atakuwa mwuguzi anayepima dawa, au fundi anayeunga nyaya za umeme, na mgonjwa au mwenye nyumba hataweza kuona kilicho nyuma yake. Kila usikiapo moyoni swali la "nani ataona?", mkumbuke yule ambaye hataona, ambaye atalala kando ya ukuta wako akikuamini.