Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Jina unalomwita mwenzio



Jana wakati wa futari msikitini nilimtuma mtoto mmoja wa chuoni apeleke tende kwa fundi muashi aliyetoka Bara, anayesali nasi tangu Shaabani. Mtoto akauliza kwa sauti: "Nimpe yule chogo?" Watu wakacheka. Na mimi, shekhe wenu, nikatabasamu. Fundi akapokea tende, akashukuru, akainamisha kichwa.

Jamani, tuyaangalie haya majina. Mengi hayakuanza kwa ubaya. Mshihiri ni mtu wa Shihri, bandari ya Hadhramaut. Mmanga ametoka Manga, yaani upande wa Omani. Baniani ni neno lililotoka kwa Wagujarati wa India, na asili yake ni mfanyabiashara tu. Mzungu, wengi hulihusisha na kuzunguka. Lakini chogo halitaji kwao mtu. Linataja kisogo chake, umbo alilopewa na Mola wake.

Utaniambia: "Shekhe, huo ni utani tu." Haya. Nilipokuwa Bara nasomea diploma ya ualimu, nikiitwa Mpemba. Ndivyo nilivyo, na nafurahi kuwa hivyo. Siku moja naitwa, "Mpemba, njoo tule," nakaa nao. Siku nyingine naitwa Mpemba hilo hilo, likifuatiwa na ile methali ya gogo mnayoijua, darasa zima linacheka. Wallahi siku hiyo nilitamani meli ya kurudi kwetu.

Sasa kipimo ni kipi? Suratul Hujuraat, aya ya 11, imetukataza kuitana kwa majina ya kejeli. Imepokewa kuwa iliwashukia Bani Salima wa Madina. Mtu kwao alikuwa na majina mawili matatu, na Mtume (s.a.w.) akimwita mtu kwa moja, huambiwa: hilo linamkasirisha. Basi uzito wa jina anaujua anayeitwa. Bilal aliitwa Mhabeshi, Salman akaitwa Mfursi, na wakaheshimiwa kwa majina hayo. Lakini Abu Dharr alipomtusi mtu kwa asili ya mama yake, Mtume alimwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake. Na huyo ni swahaba mkubwa, sembuse sisi!

Hapa visiwani tunajua mambo haya yanafika wapi. Waulizeni wazee habari za zama za siasa, kabla ya 1964. Watu walianza kwa kubandikana majina, wakaishia kususiana maduka, hata mazishi.

Usiku nilitaka kumwombea dua yule fundi. Nikainua mikono, nikakwama. Simjui jina lake. Wiki zote hizi tunagusana mabega katika safu, na nilichokuwa nacho ni lile neno la watoto.

Leo, inshaallah, kabla ya adhana ya magharibi nitamwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka, na nitamuuliza jina lake. Na wewe ndugu yangu, mtaani kwako yupo nani unayemjua kwa jina la utani tu? Nenda kamuulize leo, kabla hujafuturu.

Allah atutakabalie funga zetu na atusalimishe na ndimi zetu. Amin.