Mlango wa Mwenye Televisheni

Zamani gari la sinema lilipofika kijijini, kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, na mzee, mtoto na mgeni wakacheka pamoja. Hakuna aliyeuliza kitambaa ni cha nani.

Tanzania Bara ilianza kupata televisheni mwaka 1994. Baadaye filamu zetu wenyewe, kama zile alizocheza marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, zilitoka katika kanda na diski za kutazamia nyumbani. Kwa kawaida hazikungoja jumba la sinema. Na kama zingelingoja la hapa Mugoma, zingengoja mpaka leo.

Basi siyalilii majumba ya mjini, ambayo wengi wetu hatukuyaingia. Nauliza hili: mwenye televisheni anapofunga mlango, na watoto wa jirani wamejipanga dirishani, je, amewanyima haki yao, au amelinda kilicho chake? Mimi mwenyewe nimewahi kuufunga. Nilisema nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka. Lakini filamu ile ilikuwa ya kuchekesha, nami sikucheka hata mara moja.