Bwana Akipenda, na Hesabu Mkononi

Andiko kuu: Yakobo 4:13–16
Soma pia: Matendo 27, Luka 14:28–30, Walawi 13



Mwaka wa 2021, swali nililoletewa sana baada ya ibada halikuwa la ndoa wala la biashara. Lilikuwa la safari. "Pastor, tununue tiketi ama tungoje?" Kulikuwa na kijana aliyepata chuo Uingereza. Kulikuwa na dada aliyeitwa kazi Saudi Arabia. Kulikuwa na mama mwenye mjukuu Marekani ambaye hakuwa amewahi kumbeba. Wote walikuwa na pasipoti, wote walikuwa wameomba na kufunga, na wote walikuwa wamechoka kungoja. Kwa hivyo Jumapili moja niliona tulifungulie Neno jambo hili, kwa sababu linagusa imani yetu na linagusa mifuko yetu.

Tukumbuke tulikotoka. Machi 25, 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa. Zilirudi Agosti 1, 2020, na msafiri akatakiwa aje na cheti cha PCR kisichozidi saa 96. Tukadhani mambo yamekwisha. Halafu Aprili 9, 2021 Uingereza ikaiweka Kenya kwenye orodha nyekundu. Mwenye haki ya kuishi kule aliingia, lakini alilala siku 10 kwenye hoteli ya karantini kwa gharama yake. Mtu mzima mmoja alikuwa analipa pauni 1,750. Mwezi wa Agosti 2021 ilipanda hadi pauni 2,285. Badilisha hiyo kwa pesa zetu, ilikuwa zaidi ya laki tatu, kabla ya kulipa tiketi na karo.

Sasa tuingie kwa Neno.

1. Yakobo hakukataza mpango

Wale watu wa Yakobo 4 walikuwa na mpango mzuri. Walijua mji wanaoenda, muda watakaokaa, kazi watakayofanya na faida watakayopata. Mimi nimesoma biashara chuoni, na nawaambia mpango huo ungepita kwa meneja yeyote wa benki. Yakobo hakuwakemea kwa kupiga hesabu. Aliwakemea kwa kupiga hesabu kana kwamba kesho ni mali yao. Maisha ni mvuke, anasema. Kilichokosekana kwenye karatasi yao ni kipengele kimoja tu: Bwana akipenda.

Lakini tusikigeuze kipengele hicho kuwa kisingizio. Kuna mtu anasema "Bwana akipenda" halafu hajauliza masharti ya visa, hajasoma kama tiketi inarudishiwa pesa, hajui nchi anayopitia inataka cheti gani. Huyo hajamwachia Mungu safari. Amemwachia Mungu kazi yake ya nyumbani. Yesu mwenyewe katika Luka 14 anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiketi kwanza ahesabu gharama. Mwambie jirani yako: keti kwanza!

2. Mwenye ahadi ndiye aliyesema tungoje

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Katika Matendo 23:11 Bwana anamtokea Paulo usiku na kumhakikishia kwamba atashuhudia Rumi. Hiyo ni ahadi kamili, imetoka kwa Bwana mwenyewe. Kama kuna mtu aliyekuwa na unabii wa safari, ni Paulo.

Sasa fungua sura ya 27. Meli imefika Bandari Nzuri, msimu wa kusafiri umepita, siku za kufunga zimekwisha na baridi inakuja. Ni nani anayesema meli isiondoke? Ni Paulo! Yule aliyeahidiwa kufika ndiye anayesema msimu huu ni mbaya. Hakuona kwamba kungoja ni kukosa imani. Alijua Mungu ameahidi kufika, na hakuahidi tarehe.

Wapendwa, nasema hili kwa upole kwa sababu naheshimu karama za Roho katika nyumba hii. Umetabiriwa kwamba utavuka mipaka? Amina, lishike. Lakini unabii wa kuvuka haukuambii uuze shamba wiki hii.

Na kwa nini yule akida hakumsikiza Paulo? Biblia inasema aliwaamini zaidi nahodha na mwenye meli. Mwenye meli alikuwa na shehena na pesa zake ziko baharini. Kule chuoni tulifundishwa kuhusu gharama iliyozama: pesa ambayo imeshatoka na hairudi isikuamulie hatua inayofuata. Wengi wetu tunasema, "Nimeshalipa ejenti, nimeshalipa visa, siwezi kuacha sasa." Halafu upepo wa kusini unavuma polepole, tunaona mambo ni shwari, tunang'oa nanga. Mwishowe meli ilivunjika na shehena yote ikapotea. Watu 276 waliokoka kwa neema ya Mungu, wakakaa Melita miezi mitatu ambayo hakuna aliyeipangia bajeti.

3. Mifuko mitatu

Kuna familia katika kanisa letu ambayo binti yao alipata nafasi ya shahada ya pili Uingereza, aanze Septemba. Baba alikuja kuniona akiwa na hati ya shamba ndani ya bahasha. Alitaka niiombee ipate mnunuzi haraka. Tuliomba. Halafu tukatoa kalamu.

Nikamwambia safari ya wakati ule ilikuwa na mifuko mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa kwenda: karo, visa, tiketi, kipimo. Wa pili ulikuwa wa kungoja: karantini, kipimo cha pili, tiketi ikisukumwa mbele. Wa tatu ulikuwa wa kurudi, kama mlango ungefungwa akiwa kule au angeugua. Tulipomaliza kuandika, bei ya shamba lote ilijaza mfuko wa kwanza na nusu ya ule wa pili. Wa tatu ulikuwa mtupu. Yule mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Pastor, kwani nimekosa imani?" Nikamjibu, "La, mzee wangu. Umehesabu mnara."

Usiku huo binti aliandikia chuo kuuliza kama nafasi yake inaweza kusogezwa mbele. Jibu halikufika mara moja. Shamba bado lipo. Wakumbukeni katika maombi.

Na wewe dada unayeitwa Ghuba, mifuko ni ile ile. Hakikisha ejenti wako amesajiliwa na National Employment Authority. Uliza mapema: gharama ya safari analipa nani? Ikiwa ni mwajiri, iandikwe kwenye mkataba kabla hujatia sahihi. Maneno ya mdomo hayapandi ndege.

4. Karatasi ya uwongo haiwezi kuombewa

Hili nitalisema waziwazi. Mwaka wa 2021 kulikuwa na vyeti vya korona vilivyouzwa mjini bila mtu kutolewa kipimo. Wengine wetu waliambiwa, "Lipa tu, utaletewa kwa simu." Ndugu yangu, hapana. Wakati huo vyeti vilihakikiwa kwa msimbo kwenye mfumo wa Trusted Travel wa Africa CDC, kwa hivyo ungeshikwa. Lakini hata kama usingeshikwa, hapana. Katika Walawi 13 kuhani alimtenga mtu mwenye alama siku saba, kisha akamwangalia tena. Sheria ile ililinda kambi nzima. Ukiwa kwenye kiti cha ndege, jirani yako ni yule mzee anayepumua kando yako. Huwezi kuweka mkono juu ya tiketi na kusema "Bwana nifunike" huku mfukoni uko na uwongo unaoweza kumuua mtu.

Basi, wiki hii tufanye nini?

Kila mwenye safari akae na watu wa nyumbani kwake aandike ile mifuko mitatu. Soma masharti kwenye tovuti ya ubalozi, si kwenye ujumbe uliotumiwa na rafiki. Soma pia ya nchi unayopitia. Kama unaruhusiwa chanjo na umeikubali, anza mapema. Nunua tiketi inayobadilishwa tarehe hata kama ni ghali kidogo. Na kabla ya kuitisha mchango wa kanisa, tuletee hesabu yote, maana sadaka ya mjane isizame Melita.

Tuombe:

Baba, wewe unajua kila mlango uliofungwa. Wape watoto wako moyo wa kupanga na moyo wa kungoja. Walio mbali wasioweza kurudi nyumbani, walinde. Walio hapa wasioweza kwenda, usiwaache waone aibu. Tufikishe unakotupeleka, kwa wakati wako na kwa njia iliyo safi. Katika jina la Yesu, amina.