Katekista wetu anakula wapi?



Kuna swali linanisumbua tangu msimu wa korosho uanze. Mtu anayehudumu Injili akisaidiwa na watu, je, huduma yake inapungua thamani? Huku kwetu Newala utasikia, "Kama kweli ameitwa na Mungu, mbona kila siku michango?" Linasemwa kwa utani, lakini linauma. Katekista akilisikia mara mbili tatu anaanza kuficha shida zake, na siku moja unasikia kaenda Mtwara kutafuta kibarua.

Hebu tuangalie historia ya hapa hapa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuja bara kutoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kusonga mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wale watu wakaona panafaa, wakataka kukaa, naye akakubali. Ni wao waliojenga na kulima, misheni ikapata pa kusimama. (Ndiyo, walikuwa Waanglikana. Wabenediktini wetu walikuja baadaye, Lukuledi 1895, Ndanda 1906. Kizuri cha jirani tukisifie tu.)

Septemba 1882 Wangoni wakaivamia Masasi, wakachoma na kuchukua mateka. Padre Chauncy Maples akahamia Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao. Yaani aliyekuja kutoa, sasa yeye ndiye anayehitaji kupokelewa. Aibu iko wapi hapo? Mimi siioni. Tena Luka 8 inatuambia akina Maria Magdalena, Yoana na Suzana walimhudumia Yesu na mitume kwa mali zao. Aliyelisha watu elfu tano alikubali kulishwa!

Ila kuna upande mwingine, na hapa ndipo pagumu. Mchango unaweza kugeuka kuwa bei. Tunaijua kangomba: mtu ana njaa, mwenye hela anamlipa kidogo mapema, korosho zikiiva anakuja kuzibeba. Sasa huyo mwenye hela akinunua bati zote za kigango, nani atasimama Jumapili kuisema kangomba? Katekista atakohoa kidogo, ataruka kwenye matangazo. Hajakatazwa na mtu. Amelishwa tu na mkono mmoja.

Ndiyo maana naona jambo la kuuliza ni wangapi wanaomsaidia mtumishi, kabla hata ya kuuliza kiasi gani. Nyumba thelathini zikitoa kidogo kidogo, hakuna hata moja inayoweza kumfunga mdomo. Na mama mjane aliyeleta bakuli la unga ana sauti ileile kwenye jumuiya kama mwenye duka. Zaka zetu zingekuwa hivyo, hata yale maneno ya "michango kila siku" yangepungua, maana kila mtu angejua ana mkono wake mle.

Jumuiya yetu ndogondogo imeanza mwaka huu. Kila kaya kilo mbili za korosho, na asiyeweza anakuja na jembe shambani kwa katekista. Mzee mmoja mwenye uwezo alitaka kulipia kaya zote peke yake, yaishe. Tukamwambia, shikamoo mzee, tunashukuru, lakini kwako ni kilo mbili kama wengine.

Hakufurahi. Ila kilo zake mbili alizileta.