Shika Kulia, Ewe Mwenye Magurudumu 18

Ndugu zangu madereva, mlioacha kwenu Afrika Mashariki mkaja kushika usukani wa malori makubwa ya California, nisikilizeni kabla hamjawasha injini. Sheria ya jimbo hilo imewapa leni yenu, na leni hiyo ni ya kulia. Basi mbona nawaona katikati? Mbona nawaona kushoto, tela imetanda, magari madogo yamejipanga nyuma yenu kama msafara wa mazishi?

Wewe uliyejifunza Mombasa au Dar es Salaam utaniambia mkono umezoea kushoto. Nitakuvumilia wiki ya kwanza, si zaidi. Na wewe wa Goma au Bujumbura huna hata kisingizio hicho, maana kwenu watu wanashika kulia tangu hujazaliwa.

Amri yenyewe haihitaji wakili. Lori la ekseli tatu au zaidi, na gari lolote linalovuta jingine, likae leni ya kulia kabisa. Ukitaka kumpita mwenzako, tumia leni ya pili kutoka kulia, umalize, urudi. Penye leni nne au zaidi kwa upande mmoja, na hakuna kibao kinachopanga vingine, umeruhusiwa kusafiri hata katika hiyo ya pili. Penye kibao, tii kibao. Sheria imekuachia nafasi pale unapojiandaa kukata kona, unapoingia au kutoka barabarani, au njia ya safari yako inapokulazimu kushika leni nyingine. Na mwendo wako mwisho ni maili 55 kwa saa, hata kama gari dogo ubavuni mwako limeruhusiwa 65 au 70.

Mnanung'unika kwamba mmeonewa. Hamkuonewa! Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na huko mitaani ndivyo tunavyoishi: mdogo anajibanza ukutani mkubwa apite. Sheria ya barabara kuu imeugeuza usemi huo. Hapa mwenye nguvu ndiye anayepisha, kwa sababu ndiye anayeweza kuua. Lori lako pamoja na mzigo lina hadi pauni 80,000, yaani tani 36 na zaidi. Ukikanyaga breki kwa mwendo wa maili 65, utasimama baada ya mita 150 na ushei, wakati gari dogo lingekuwa limesimama zamani. Upande wako wa kulia, mbali na kiti chako, kuna eneo la leni mbili nzima ambalo vioo vyako havikuonyeshi vizuri. Mama aliyebeba watoto akiingia humo, kwako hayupo. Ukishika kulia kabisa, eneo hilo linaangukia ukingo wa barabara na si juu ya vichwa vya watu. Ukijiweka katikati, umeliweka juu yao.

Nanyi wenye magari madogo msitabasamu. Anayening'inia ubavuni mwa lori maili baada ya maili, au anayejichomeka mbele yake kwenye ile nafasi ndogo aliyoiacha kwa ajili ya breki, naye anacheza na roho yake.

Sasa niwaambie ile dhambi inayopendwa kuliko zote. Lori moja linakwenda 54, lako linakwenda 55, nawe unaona huwezi kuvumilia. Unatoka kumpita. Piga hesabu, ndugu yangu! Ili kuumaliza urefu wake na wako, na nafasi ya kurudi salama, utahitaji zaidi ya dakika mbili, na muda huo mmekwenda maili mbili ubavu kwa ubavu. Kwenye Interstate 5 katika Bonde la Kati, ambako sehemu ndefu ina leni mbili tu kila upande, umewafungia barabara watu wote walio nyuma. Na faida yako? Baada ya saa nzima utakuwa umemwacha maili moja. Najua wengi mnalipwa kwa maili, na ofisini wanapiga simu kuuliza umefika wapi. Lakini kubadili leni vibaya ni kosa zito kwa leseni yako: ukipatikana na hatia ya makosa mazito mawili ndani ya miaka mitatu, unakaa siku 60 bila kuendesha lori. Siku hizo hakuna atakayekulipa.

Wala usidhani leni peke yake inaokoa. Karibu na Santa Clarita, Interstate 5 ina njia ya pembeni iliyotengwa kwa malori. Usiku wa tarehe 12 Oktoba 2007, barabara ikiwa imelowa, lori moja lilipoteza mwelekeo likitoka kwenye handaki la njia hiyo. Mengine yakaja nyuma yakagongana, moto ukashika ndani ya handaki. Watu watatu walikufa, mmoja wao mtoto. Walikuwa mahali walipopangiwa! Leni, mwendo na umbali ni amri moja, na anayechagua kipande kimoja ameikataa yote.

Kuna vibao vinavyoniuma hata mimi. Mjini Oakland, sehemu ya Interstate 580 imefungiwa malori yenye uzito unaozidi tani 4.5, nayo yanapita Interstate 880, kando ya mitaa ya watu wenye kipato kidogo wanaovuta moshi wake. Sioni haki hapo. Lakini haki hiyo idaiwe kwenye mikutano ya jiji na kwenye kura. Haidaiwi kwa tela kupenya palipokatazwa saa nane za usiku.

Basi wewe unayesoma haya ukisubiri kontena bandarini Long Beach, futa vioo vyako, vipange upya, na ukiingia Interstate 710 shika kulia. Akikupita mtu kwa hasira, mwache aende.