Kite na Huruma

Wazee wa mwambao walikuwa na neno kite, ambalo siku hizi ni nadra kulisikia jijini Nairobi, nalo lilichukua maana mbili: mguno wa mtu aliyeshikwa na maumivu makali, kama vile mwanamke mwenye utungu wa uzazi, ambaye husemwa kuwa apiga kite, na pendo la dhati, hata asiyemjali mwenziwe akaambiwa hana kite naye. Hata ikiwa maana hizo zilikutana kwa sadfa tu, mimi nazisoma pamoja, kwani naamini kwamba kumpenda mja ni kuumwa na mguno wake.

Katika mtaa wa Huruma, jijini Nairobi, usiku wa Ijumaa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jumba la orofa 6 lililojengwa kando ya mto liliwaporomokea wapangaji wake, wakafa watu wapatao 50. Majirani walichimbua vifusi kwa mikono mitupu, waokozi wakatega masikio wasikie aliye hai chini ya zege. Jumanne akatolewa mtoto mchanga aliyeviringishwa blanketi ndani ya ndoo, na Alhamisi wakatolewa watu 4, wote hai. Hicho kilikuwa kite kwa maana zake zote mbili.

Lakini jumba lile lilikuwa limekwisha kuamriwa libomolewe, na watu wakaendelea kulala humo. Basi yuaulizwa mwenye dini: je, ana lawama asiyeitikia mguno ambao haujatoka? Nasema analo la kujibu, tena kubwa. Wanazuoni wa Kiislamu hufundisha kwamba rehema ya Mola yatangulia ghadhabu Yake. Na ikiwa sifa ya rehema ni kutangulia, basi huruma ingojayo ukuta uanguke ndipo ilete koleo, ijapokuwa ina thawabu zake, imepungukiwa na jambo la asili.

Wala sidhani kwamba amri ya kubomoa yatosha peke yake. Baada ya msiba ule nyumba nyingine mtaani zilitiwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mpangaji wa chumba kimoja, ambaye alikaa pale kwa sababu ndipo kodi ilipolingana na kibarua chake, akatakiwa ahame. Aliyeandika alama ile, ikiwa ana kite naye, hana budi kumwuliza usiku huo atawalaza wapi watoto.