Mikono Tofauti, Jibu Moja

Ndugu zangu wa Kingerikiti, nanyi mnaohudumia wagonjwa kuanzia zahanati za milimani hadi Liuli na Mbamba Bay, sikieni!

Ukoma haujatutoka. Kila mwaka Tanzania bado inaandikisha wagonjwa wapya kwa mamia. Dawa mseto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huua bakteria. Lakini mshipa wa fahamu ukivimba, mkono waweza kulemaa hata kwa mgonjwa anayemeza dawa bila kukosa. Dawa ya prednisoloni huweza kuuokoa, mradi udhaifu ugunduliwe kabla ya miezi 6 kupita. Nani anaugundua? Si mashine. Ni mkono wa mhudumu!

Tazameni kipimo chenyewe. Mgonjwa analaza mkono, kiganja juu, anatanua kidole cha mwisho. Mhudumu anakisukuma kirudi ndani. Kikistahimili, anaandika "nguvu"; kikishindwa, "dhaifu"; kisipojongea kabisa, "kimepooza". Kupooza hakuna ubishi. Ubishi uko kati ya nguvu na dhaifu. Huyu anasukuma shinani, yule kwenye ncha, ambako kidole hushindwa upesi. Huyu anakandamiza, yule anagusa tu. Hata katika kipimo cha Waingereza cha nguvu ya misuli, cha 0 hadi 5, kilichotolewa mwaka 1943, daraja la 4 ni pana mno, na wapimaji hodari hutofautiana hapo hapo.

Ole wetu tukiridhika! Mwezi huu ameandika huyu "nguvu", mwezi ujao yule "dhaifu": mshipa umeumia, au amebadilika mpimaji? Mkulima wa kahawa hakubali mizani mbili zinazopingana pale chama cha ushirika, AMCOS. Mbona tunazikubali kwenye mkono wake?

Basi tutubu kwa matendo! Wahudumu, kaeni pamoja, mpimeni mgonjwa mmoja kila mtu peke yake, kisha mlinganishe majibu. Mkitofautiana, rudieni bila kuoneana haya. Sukumeni mahali pamoja, katika mkao mmoja. Linganisheni kulia na kushoto. Inapowezekana, mgonjwa apimwe na mhudumu yuleyule. Na kila jibu liandikwe siku hiyohiyo kwenye kadi.

Nawe mgonjwa, kikombe kikianza kukuponyoka, kope zisipofumba, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda leo, sema, na udai upimwe!